Nipe vitunguu vitatu

Mzazi akitaka wageni wajue kuwa mwanawe ana kichwa, humsimamisha katikati ya sebule ahesabu. Mtoto huanza moja, mbili, tatu, akapanda hadi ishirini, na aliyefundishwa sana hufika hamsini bila kuvuta pumzi. Wageni hufurahi, na wana haki ya kufurahi, maana kukariri namba kwa mpangilio wake si jambo dogo kwa mtoto wa miaka mitatu. Lakini mtoto huyohuyo ukimwambia, "Nenda jikoni uniletee vitunguu vitatu," mara nyingi atarudi amebeba vyote vilivyomwenea mikononi. Ukimwuliza kama hivyo ni vitatu atakujibu ndiyo, na wala hadanganyi.

Jambo hilo limechunguzwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Karen Wynn, aliwawekea watoto wadogo rundo la vitu vya kuchezea, akawaomba watoe kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na kuendelea. Akaona kwamba watoto hawazielewi namba zote kwa mkupuo. Kwanza hujua maana ya moja, na ukiwaomba zaidi ya hapo wanachota tu. Baada ya miezi wanaijua mbili. Baada ya mingine wanaijua tatu. Ndipo wanapong'amua kanuni yenyewe, kwamba neno la mwisho unalolitaja unapohesabu ndilo linalosema vitu ni vingapi. Kutoka moja hadi kwenye kanuni hiyo kunaweza kuchukua kama mwaka mzima, na muda wote huo mtoto anaweza kuimba namba hadi kumi bila kukosea.

Mwaka huo wa katikati ndio msingi wa hisabati yote inayofuata, na hapa Tanga tunauacha upite bure ilhali mahali pa kuutumia tunapo ndani ya kila nyumba. Jikoni ndiko maagizo ya "nipe viwili", "ongeza kimoja", "gawanya sawa" yanakotolewa kila siku ya Mungu, ila tunawapa wakubwa. Mtoto wa miaka minne tunamwambia atoke, anatusumbua, akacheze nje. Akishafika darasa la pili na hesabu hazipandi, tunamtafutia mwalimu wa tuisheni.

Gharama yake inaonekana mwishoni mwa safari ya shule. Katika mtihani wa kidato cha nne, Hisabati limekuwa somo la kuwaangusha vijana wetu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2023 waliofaulu walikuwa kama robo tu, na hata hiyo ilikuwa nafuu ukilinganisha na miaka ya nyuma yake. Tukikaa barazani tunalaumu walimu wa sekondari, uhaba wa vitabu, simu. Kila kimoja kina sehemu yake. Lakini Greg Duncan na wenzake, waliochambua takwimu za watoto wa Marekani, Uingereza na Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 2007, walikuta kwamba ujuzi wa namba ambao mtoto anaingia nao shuleni ndio uliotabiri maendeleo yake ya baadaye kuliko kitu kingine chochote walichokipima, hata ule ujuzi wa mwanzo wa kusoma. Sisi tuna KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, katika madarasa ya chini tangu 2015, na K ya tatu, ya kuhesabu, ndiyo tunayoikumbuka mwisho. Mzazi anayemsomea mtoto hadithi tunamsifu. Anayehesabu naye ndimu hatumwoni kama anafanya lolote.

Tuelewane hapa: kupika peke yake hakufundishi. Mtoto anaweza kukaa jikoni mwaka mzima akitazama, asiokote namba hata moja, kwa sababu mpishi mzoefu hupima kwa jicho na kwa kiganja, kimyakimya. Mama aliyepika wali wa nazi miaka thelathini hana haja ya kusema kwamba mchele ni vikombe viwili na maji vinne. Mkono wake unajua. Hesabu imo, tena nzuri, imefichwa ndani ya mazoea.

Kinachofanya kazi ni maneno. Susan Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwatembelea wazazi na watoto wadogo majumbani, wakarekodi mazungumzo yao ya kila siku katika vipindi vitano vya dakika 90. Katika vipindi vyote hivyo, mzazi aliyetaja namba mara chache kabisa alizitaja mara 4. Aliyezitaja kwa wingi alifika mara 257. Watoto waliosikia namba nyingi ndio walioielewa vizuri zaidi maana ya idadi walipokaribia miaka minne. Utafiti uliofuata mwaka 2011 ukaongeza jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza: namba zilizosaidia zaidi ni zile zilizotajwa juu ya vitu ambavyo mtoto anaviona palepale, hasa mafungu ya vitu vinne hadi kumi. Vinne hadi kumi, vinavyoonekana na kushikika. Hizo ni bamia kwenye ungo, ni ndimu kwenye kikapu, ni vitumbua kwenye sahani.

Jirani yangu wa Makorora anapika maandazi ya kuuza, na siku za likizo mjukuu wake wa miaka mitano hukaa naye mkekani. Bibi hukanda, hukata madonge, huyapanga kwenye sinia lililonyunyiziwa unga. Kazi ya mtoto ni kuyahesabu na kuyafunika kitambaa. Nilikuwa nimeketi pembeni siku bibi alipolisukuma donge likawa duara, akashika kisu, akakata katikati.

"Vipande vingapi, mjukuu wangu?"

"Viwili."

Akakata tena, kuvuka ule mkato wa kwanza. "Sasa je?"

Mtoto akagusa kimoja kimoja kwa kidole kilichojaa unga. "Vinne." Kisha macho yakamtoka. "Bibi, unga umekuwa mwingi!"

Bibi hakumwambia kwamba amekosea. Alivikusanya vile vipande vinne, akavifinya pamoja vikarudi kuwa donge, akamwekea kiganjani. Mtoto akalitazama, akalibonyeza, akaligeuza. "Kumbe ni lilelile." Akaomba afanyiwe tena kwa donge la pili. Bibi akamwambia limetosha, mafuta yanangoja.

Mtaala mzuri kuliko huo kwa mtoto wa umri ule mimi sijauona. Kwa mikato miwili ya kisu amepata nusu na robo. Amepata pia jambo ambalo Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alilifanya kuwa maarufu duniani: kwamba mtoto mdogo hufikiri kitu kimeongezeka kikibadilishwa umbo. Maji yaleyale yakimiminwa kutoka bakuli pana kwenda bilauri ndefu, mtoto wa miaka minne au mitano atakwambia bilauri ina mengi zaidi. Hasemi hivyo kwa ujinga. Akili ya umri huo hupima kwa urefu, na kwa kawaida hubadilika akikaribia miaka saba. Ukimcheka, umemfunga mdomo. Ukirudisha maji kwenye bakuli mbele ya macho yake, umempa kitu cha kufikiria.

Na maandazi hayaishii hapo. Madonge sita, kila moja vipande vinne: mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuhesabu nne, nane, kumi na mbili, kwa kugusa safu kwa safu hadi 24. Hajaambiwa kwamba hiyo ni jedwali la nne.

Chuma cha vitumbua nacho ni kifaa cha hisabati ambacho shule ingekilipia. Kile cha kawaida kina mashimo saba, moja katikati na sita kulizunguka. Mpangilio huo una siri yake: duara zinazolingana ukizipanga kuizunguka moja, zinakuja sita kamili, kila moja inagusa ya katikati na jirani zake, na hakuna nafasi ya kuongeza nyingine. Mtoto hahitaji kuambiwa kwa nini. Mpe vizibo saba vya soda vya aina moja, ajaribu kupanga mwenyewe kuzunguka kimoja. Vitumbua vinapotoka, mkupuo wa kwanza ni saba, wa pili kumi na nne, wa tatu ishirini na moja, na akila kimoja kwa siri hesabu itagoma na itabidi aeleze.

Kwenye tui la nazi ndiko anakokutana na mpangilio: la kwanza zito, la pili jepesi, na linalotangulia kukamuliwa ndilo linaloingia chunguni mwisho. Kwa mtoto hilo ni fumbo tamu. Mwulize tu, "Tui gani linaingia sasa?"

Watu wa pwani tuna pia vipimo vyetu, na nasikitika tunapoviacha vife midomoni mwa wazee. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mtoto akishika kopo la kibaba na kulimimina mara nne kwenye chombo cha pishi, ameona kwa macho yake mbili mara mbili. Pishi yenyewe hurudi kila mwisho wa Ramadhani, nyumba zinapotoa zaka ya fitri: pishi moja ya chakula kwa kila mtu, ambayo wengi huikadiria kuwa kilo 2.5 za mchele. Nyumba ya watu wanane ni kilo 20. Mtoto wa miaka mitano hawezi hesabu hiyo, na asilazimishwe. Anachoweza ni kusimama na sinia huku mnachota: fungu la babu, la bibi, la baba, la mama, la dada, la kaka, la kwake mwenyewe, la mdogo wake anayenyonya. Kila mtu fungu lake moja. Akimsahau mtu, mafungu yanapungua na watu wanazidi, naye atang'amua mwenyewe kwamba kuna jambo. Kuoanisha huko, mtu mmoja na kitu kimoja, ndiko kunakotangulia kuhesabu kwote.

Ukienda naye sokoni Mgandini, kisado cha lita 4 kinaingia mara tano kwenye debe la lita 20. Mwache ahesabu muuzaji anapomimina kunde. Ni jambo la dakika mbili, na muuzaji mwenyewe huwa anafurahi.

Halafu kuna sinia. Kwenye maulidi na harusi zetu pilau huliwa watu kadhaa kwa sinia moja, tuseme watano. Wageni 30 wanataka sinia sita. Akija wa 31 je? Swali hilo la kinachobaki huwatesa watoto kwenye daftari la kugawanya, wanaandika "baki 1" bila kujua huyo mmoja ni nani. Jikoni yuko mlangoni amesimama na viatu mkononi. Ama mnamsogeza kwenye sinia lenye nafasi, wakalila watu sita, ama mnapakua sinia la saba. Mtoto aliyesikia wakubwa wakijadiliana hivyo, siku akikutana na "baki 1" shuleni atajua kwamba namba hiyo inadai uamuzi.

Nimewahi kujibiwa kwamba basi tusihangaike, watoto wetu wanauza karanga na maji mitaani, hesabu wanazo tayari. Ni kweli wanazo, na ndiyo sababu lazima tuhangaike. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto watano wauzaji wa mitaani katika mji wa Recife, Brazili, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Watafiti walijifanya wateja. Muuza nazi wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja ikiwa cruzeiro 35, fedha ya Brazili ya wakati huo. Alianza na tatu, ambazo alijua ni 105, akaongeza tatu nyingine akafika 210, akaendelea hivyo hadi 350. Jibu sahihi, kwa njia ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha. Kwenye biashara, watoto hao walipata zaidi ya asilimia 98 ya maswali. Walipopewa hesabu za namba hizohizo kwenye karatasi, bila nazi wala mteja, walishuka hadi kama asilimia 37.

Kwangu matokeo hayo ni onyo kwa pande mbili. Shule inayodhani mtoto wa mtaani hajui hesabu inamkosea. Na mzazi anayedhani hesabu ya jikoni itavuka yenyewe hadi kwenye daftari anamkosea pia. Haivuki yenyewe, lazima mtu aijengee daraja.

Daraja si gumu. Mtoto aliyehesabu vitumbua saba apewe kipande cha mkaa au chaki achore duara saba sakafuni, na pembeni mkubwa aandike 7. Vitumbua vimeliwa, michoro imebaki, na tarakimu imepata maana. Bora zaidi ni orodha ya dukani. Watoto wetu wanatumwa dukani tangu wadogo, na mara nyingi tunawakaririsha njia nzima, "ndimu nne, nyanya tano, nazi mbili," wanaipoteza kwenye kona ya kwanza. Mwandikie. Chora ndimu, weka 4. Chora nyanya, weka 5. Akirudi mkae chini mlinganishe kilicho mfukoni na kilicho kwenye karatasi. Hapo nazi na tarakimu zimekaa pamoja kwenye mkono mmoja, jambo ambalo wale watoto wa Recife walilikosa. Kwa wa miaka mitatu tuishie kwenye vitu vyenyewe. Nimeona watoto wa umri huo wanakalishwa kufuatiza namba 5 ukurasa mzima, vidole vimekakamaa, na wakiulizwa tano ni ngapi wananyamaza. Tuwahurumie.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya wenye nafasi. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi wateja wa vitumbua hana muda wa somo, na anayemshauri atenge nusu saa ya mafunzo hajawahi kuwasha jiko la mkaa kabla ya adhana. Nakubali kabisa. Ninachoomba kinaingia ndani ya maneno ambayo angeyasema hata hivyo. Badala ya "lete vikombe", aseme "lete vikombe vinne". Badala ya "ongeza maji", aseme "ongeza kikombe kimoja, sasa vimekuwa vingapi?" Kuna asubuhi ambazo hata hilo halitawezekana, na mtoto hatadhurika.

La moto ni zito zaidi, na simlaumu anayemfukuza mtoto kwa kuogopa mafuta. Lakini sehemu kubwa ya hesabu humalizika kabla jiko halijawashwa: kuchambua mchele, kumenya na kupanga, kuchota unga, kukata madonge, kuhesabu sahani. Jamvi la kazi likae mbali na jiko, na mtoto akishamaliza kazi yake ya jamvini aondoke. Anachokikosa kwenye moto ni kidogo sana.

Kuna la tatu ambalo husemwa kwa sauti ya chini, kwamba jikoni si mahali pa mvulana. Kwenye shughuli zetu zote kubwa, anayesimamia masufuria ya pilau la watu 200 mara nyingi ni mwanamume, na ndiye anayejua mchele kilo ngapi unataka nyama kilo ngapi na maji kiasi gani. Uwiano huo aliupata akiwa na mwiko mkononi. Kumnyima mtoto wa kiume mwanzo huo ni kumnyima hesabu, na mimi siwezi kulikubali.

Shule nazo zina nafasi, na hapa naandika nikizifikiria kamati zetu za shule. Uwiano unaopendekezwa kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa mengi ya umma yamekaa mbali sana na hapo. Mwalimu mwenye umati huo anabaki na njia moja, kuimbisha. Namba zinaimbwa asubuhi nzima. Lakini pale ambapo wazazi wanachangia uji, kila siku saa nne kunafika hesabu ya kweli mlangoni na inapita bila kuguswa. Watoto wapange vikombe mezani, kikombe kwa kila aliyefika. Vimebaki viwili: nani hawajaja? Jana walikosekana wangapi? Ndoo hii imejaza vikombe vingapi kabla ya kwisha, na ndoo ya pili itatosha meza ile? Mwalimu aandike 2 ubaoni wakati vikombe viwili vitupu bado vinaonekana. Halihitaji kipindi cha ziada wala vifaa kutoka Dar es Salaam, na uji haupoi.

Kamati inayokaa kupanga fedha za mwakani kwa ajili ya darasa la awali ianze na ndoo ya kunde, nyungo chache, makopo ya kupimia na mizani moja ya duka. Chati nyingine ya 1 hadi 100 ya kubandika ukutani inaweza kusubiri muhula wa pili.